Kupokea Nako ni Ushirika

Somo: Wafilipi 4:10-20



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja nanyi jambo lisilosemwa mara nyingi mimbarani. Juu ya kutoa tumehubiri sana, nanyi mmesikia sana. Twahubiri juu ya sadaka, juu ya mavuno, juu ya kuwatazama wajane na yatima. Na ni vema, kwa kuwa Neno la Mungu laagiza hivyo. Lakini kwa kila mkono utoao hapana budi pawepo mkono upokeao. Mkono huu wa pili twaufundisha nini? Wakristo wengi, hasa sisi tulio wachungaji, walimu na wazee wa kanisa, twajua kutoa, wala hatujui kupokea. Tena twadhani kwamba kutojua huko ni unyenyekevu. Tutazame kama ndivyo.

Katika usharika mmoja tuliowahi kuutunza alikuwako mzee wa kanisa aliyependwa na watu wote. Hapakuwa na msiba asioufikia, wala arusi asiyoichangia. Akaugua. Majuma matatu alilala nyumbani mwake, na waliokuja kumwuliza hali aliwaambia kwamba ni homa kidogo tu, itapita. Fedha za kwenda hospitali hakuwa nazo; naye akawakataza watoto wake wasimwambie mtu, asije akawasumbua watu. Habari kamili za ugonjwa wake tulizipata pamoja na habari za kifo chake. Siku ya maziko watu walijaa uani hata njiani. Wakaleta unga, maharage, kuni, ng'ombe mmoja, na fedha. Na fedha zile zilipohesabiwa zilizidi zile ambazo zingalitosha kwa matibabu. Maiti haiwezi kukataa msaada. Ndiyo maana siku ile, na siku ile tu, watu waliweza kumsaidia.

Tangu siku ile tumelichunguza jambo hili katika Maandiko, na haya ndiyo tuliyoyaona.

1. Neno lenyewe

Sisi Walutheri twaliita kundi letu la mahali "usharika." Neno hili ni ndugu wa neno "ushirika", shina lao ni moja, nalo ni kuwa na fungu pamoja na wengine. Asiye na fungu lolote si mshirika. Lakini na yule ashikaye mafungu yote mwenyewe, asimwachie mwenziwe hata moja, huyo naye si mshirika.

Mtume Paulo anapowaandikia Wafilipi atumia neno la Kiyunani, koinonia, lenye maana iyo hiyo. Katika sura ya kwanza, mstari wa 5, amshukuru Mungu kwa ushirika wao katika kuieneza Injili tangu siku ya kwanza. Katika sura ya nne, mistari ya 14 na 15, atumia maneno ya shina lilo hilo juu ya vitu walivyompelekea katika haja yake. Basi kwa Paulo ushirika wa Injili na ushirika wa kikapu si mambo mawili. Tena aueleza ushirika huu kama mfanyi biashara aandikavyo daftari lake: upande mmoja kutoa, upande wa pili kupokea. Daftari lenye upande mmoja tu si hesabu iliyo kamili.

2. Paulo kifungoni

Paulo alipoandika waraka huu alikuwa kifungoni. Zamani zile mfungwa aliwategemea sana jamaa na rafiki zake kwa chakula na nguo. Wafilipi wakamtuma Epafrodito amletee mahitaji yake, na katika kazi hiyo Epafrodito akaugua hata karibu kufa (2:25-30).

Sasa angalieni jinsi Paulo ashukuruvyo. Asema kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Kisha asema kwamba aweza mambo yote katika yeye amtiaye nguvu. Mstari huo wa 13 twaujua kwa moyo. Watoto wa Kipaimara huukariri, na wengi huuandika ukutani. Lakini wangapi wameendelea kuusoma mstari wa 14 unaofuata? Hapo Paulo asema kwamba pamoja na hayo Wafilipi walifanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Mtu awezaye yote katika Kristo ndiye yule yule apokeaye kikapu cha Epafrodito kwa furaha. Nguvu aliyopewa na Kristo haikumfanya mtu asiyehitaji ndugu. Ilimfanya mtu awezaye kupungukiwa bila kukata tamaa, na kupokea bila kuona haya.

Mstari wa 17 waongeza kwamba Paulo hakukitamani kipawa chenyewe, bali mazao yatakayoongezwa katika hesabu ya wale waliotoa. Na katika mstari wa 18 akiita kipawa kile harufu nzuri na sadaka impendezayo Mungu. Lifikirini neno hili. Vitu vililetwa mikononi mwa Paulo, lakini sadaka ilifika kwa Mungu. Basi mwenye haja ni kama madhabahu ambayo juu yake ndugu zake huweka sadaka zao. Akatao kupokea aiondoa madhabahu, na mwenye sadaka arudi nayo nyumbani.

Wengi wetu hujitetea kwa neno la Bwana alilolikumbusha Paulo huko Mileto, kwamba kutoa kuna heri kuliko kupokea (Matendo 20:35). Neno hili ni kweli. Lakini ikiwa kutoa ni heri, je, nani atakayempa ndugu yako heri hiyo, kama wewe na mimi twafunga milango yetu? Aipendaye heri kwa nafsi yake tu, akamnyima mwenziwe, bado hajalielewa neno hilo.

3. Bwana wetu alipokea

Yuko mmoja ambaye vitu vyote ni vyake. Huyo, alipokuwa hapa duniani, alikubali kupokea. Alizaliwa akalazwa horini. Alikaa katika chombo cha Simoni ili afundishe makutano (Luka 5:3). Mariamu Magdalene, na Yoana mkewe Kuza, na Susana, na wanawake wengine wengi walimhudumia kwa mali zao (Luka 8:1-3). Alipochoka karibu na kisima alimwomba maji mwanamke Msamaria, mtu wa taifa lisilochangamana na Wayahudi (Yohana 4). Huko Gethsemane aliwaomba watatu wakeshe pamoja naye. Nao wakalala, lakini haja yake hakuwaficha (Mathayo 26:38). Msalaba wake ulichukuliwa na Simoni Mkirene, na kaburi alilozikwa lilikuwa la Yusufu wa Arimathaya.

Je, mtumwa ni mkuu kuliko Bwana wake? Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona aibu kusema kwamba ana kiu, sisi ni nani hata tuone aibu?

4. Kwa nini twakataa

Petro alipoona Bwana amechukua maji na kitambaa ili amtawadhe miguu, alikataa kabisa (Yohana 13:8). Kwa masikio yetu kukataa kwake kwasikika kama heshima kubwa. Lakini Bwana akamjibu kwamba asipomtawadha hana fungu pamoja naye. Neno ni lile lile la fungu. Mtu asiyekubali kutawadhwa ajitoa katika ushirika, hata akisema maneno ya adabu namna gani.

Tukijichunguza, tutaona sababu tatu zinazotuzuia. Ya kwanza ni kiburi. Kiburi hiki huvaa kanzu ya upole na kusema, "Sitaki kuwasumbua watu." Lakini moyoni husema, "Sitaki watu waone kwamba mimi nami ni mhitaji." Wahenga walisema, mficha uchi hazai, nasi twaweza kuongeza kwamba mficha haja hasaidiwi.

Ya pili ni hofu ya deni. Twaogopa kwamba aliyetusaidia leo atatudai kesho, au atatutangaza. Hofu hii si ya bure, maana wako watu wafanyao hivyo. Lakini Paulo atuonyesha njia. Hakuwaahidi Wafilipi kwamba atawalipa. Alisema kwamba Mungu wake atawajaza kila wanachokihitaji (4:19). Mpokeaji hushukuru, na Mungu hulipa. Hivyo mtu aweza kupokea akabaki huru.

Ya tatu ni upungufu wa imani. Twaomba asubuhi tupewe mkate wetu wa kila siku, adhuhuri jirani aja na kibaba cha unga, nasi twamwambia, "Ahsante, tunacho." Tulidhani Mungu angeujibu kwa njia gani? Eliya alilishwa na kunguru, kisha akalishwa na mjane maskini wa Sarepta, asiyekuwa na kitu ila konzi ya unga na mafuta kidogo (1 Wafalme 17). Wala Eliya hakusema, "Huyu ni maskini, nisimwombe." Alimwomba, na pipa la unga la mjane yule halikupunguka.

5. Mzigo na furushi

Labda msomaji atauliza, "Je, mafundisho haya hayatawafanya wavivu kuwa wengi?" Swali hili ni la haki. Katika Wagalatia 6:2 Paulo atuagiza tuchukuliane mizigo, na katika mstari wa 5 asema kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Maneno hayo hayapingani. Kiyunani chatumia maneno mawili mbalimbali: la kwanza ni la uzito umwelemeao mtu, la pili ni la shehena impasayo kila mtu kuichukua. Kulima shamba lako ukiwa mzima ni furushi lako. Kulima shamba lako ukiwa kitandani ni mzigo, nao ni wetu sote. Asiyetaka kufanya kazi amekwisha kuonywa katika 2 Wathesalonike 3:10. Lakini angalieni: pale aonywa asiyetaka, siye asiyeweza.

Tena si kila msaada hupokelewa. Paulo huyu aliyepokea kwa Wafilipi alikataa kuwalemea Wakorintho, akashona mahema kwa mikono yake (Matendo 18:3, 2 Wakorintho 11:7-9), asije akaizuia Injili. Msaada utakao kumnunua mtu, au kumfunga kinywa asiseme kweli, huo haukubaliki. Lakini tusimtumie Paulo wa Korintho ili tumfiche Paulo wa Filipi. Kwa watu wengi waaminifu tuliowajua hatari haikuwa kupokea kupita kiasi, bali kutopokea kabisa.

6. Mashahidi wa Kanisa letu

Mwaka 1527 jina la Martin Luther lilikuwa limeenea Ujerumani yote na kupita mipaka yake. Tarehe 6 Julai mwaka huo aliugua sana, hata ikadhaniwa kwamba atakufa. Na baada ya ugonjwa wa mwili ikafuata miezi ya huzuni kubwa ya roho. Yeye aliyewafariji wengi hakuweza kujifariji mwenyewe. Aliungama mbele ya Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji wa Wittenberg, akapokea faraja ya Injili kinywani mwake. Tauni ilipouingia mji mwaka uo huo, Bugenhagen na jamaa yake wakahamia nyumbani kwa Luther, wakakaa pamoja katika hatari ile.

Kwa hiyo hatustaajabu kuona aliyoyaandika baadaye. Katika Makala za Schmalkald, alizoziandika mwishoni mwa mwaka 1536, azihesabu njia ambazo Injili hutufikia: Neno lihubiriwalo, Ubatizo, Meza ya Bwana, na mamlaka ya funguo. Kisha aongeza mazungumzo ya ndugu na kufarijiana kwao. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akilifafanua ombi la nne la Sala ya Bwana, awahesabu marafiki wema na majirani waaminifu miongoni mwa mambo ya mkate wa kila siku. Enyi walimu, mnapofundisha ombi hili, msiupite upesi mwisho wa orodha ile. Jirani mwema ni mkate. Kumkataa ni kuurudisha mkate uliouomba.

Kanisa letu lenyewe lisingalikuwa lilivyo kama wazee wetu wasingalijua kupokea. Baada ya vita vikuu vya kwanza, mwaka 1920, wamishonari Wajerumani walio wengi waliondolewa Tanganyika. Sharika zikachungwa na walimu wenyeji kwa uaminifu mkubwa. Baadaye, katika miaka ile ya 1920, wakaja ndugu wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani, wageni kwa lugha na desturi. Na wazee wetu wakawapokea. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 Wajerumani wakaondolewa tena, na ndugu wale wakaombwa tena kusaidia. Mwaka 1947, huko Lund katika nchi ya Uswidi, makanisa ya nchi nyingi yakaunda Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ili kusaidiana baada ya maangamizi ya vita. Na mwaka 1963 makanisa saba ya nchi yetu yakaungana kuwa Kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Katika habari hizi zote hatuoni watoaji upande mmoja na wapokeaji upande wa pili. Wageni walileta msaada, nao wakapokea kwa wenyeji lugha, chakula, njia, na ushuhuda wa walimu walioichunga imani walipokuwa peke yao.

7. Maungamo yetu

Yapasa sasa tuseme kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja kabla ya kifo cha yule mzee tuliyemtaja, tuliumwa mguu wakati wa palizi. Mahindi yetu yakasongwa na magugu. Jumamosi asubuhi wakaja akina mama sita na majembe yao. Tuliwashukuru kwa maneno mazuri, tukawaambia warudi, kwa kuwa nao wana mashamba yao, na haifai mchungaji kuwa mzigo kwa kundi lake. Wakaenda. Lakini mjane mmoja, bibi mzee, alisimama mlangoni akasema, "Baba Mchungaji, mwanangu alipofariki ulikaa kwangu siku tatu. Mimi sikukwambia, Nenda, una kazi nyingi. Leo mbona wanifukuza?" Hatukuwa na jibu zuri, naye akaondoka ameinamisha kichwa.

Tulidhani jambo lile limekwisha. Lakini baada ya maziko ya mzee, mwanawe mkubwa alitujia, tukamwuliza kwa nini hawakutuambia. Akajibu bila hasira, "Baba alisema, Hata mchungaji alipougua hakutaka kuwasumbua watu. Alisema huo ndio mfano mwema."

Wapendwa, mfano wetu ulihubiri kwa nguvu kuliko mahubiri yetu yote. Tulikuwa tumelifundisha kundi kuficha jeraha zake. Tuliungama neno hili mbele za Mungu, tukaliungama na mbele ya wazee. Kisha tulikwenda nyumbani kwa yule bibi. Alitukaribisha uji. Tulikuwa tumekwisha kunywa nyumbani, lakini tuliunywa wote.

8. Mashauri kwa walimu na wazee wa kanisa

Kwanza, kiongozi na aanze. Ukiwa mgonjwa, sema. Ukipungukiwa, mwambie ndugu mmoja umwaminiye. Kundi halitasema haja zao kwa mtu asiyekuwa na haja kamwe.

Pili, mnapowazuru watu msitosheke na jibu la kwanza. Mtu akiulizwa hali hujibu, "Mzima," hata akiwa taabuni. Ulizeni tena kwa upole: Ni nani akuchoteaye maji? Jana mlikula nini? Dawa mmepata?

Tatu, tunzeni siri. Haja iliyosemwa chumbani isisikiwe mlangoni mwa kanisa. Ulimi mmoja usiotunzwa waweza kufunga milango ya usharika mzima.

Nne, aliyesaidiwa apewe nafasi ya kusaidia. Mgonjwa aweza kuwaombea wengine; maskini aweza kumsindikiza kipofu; mzee asiye na nguvu aweza kuwafundisha watoto. Hivyo hapatakuwa na mtu mwenye upande mmoja tu wa daftari.

Tano, pokeeni kwa shukrani iliyo wazi na fupi. Mtu akileta kidogo, msimwambie, "Ungaliacha tu." Mwambieni, "Mungu akubariki," mkale pamoja.

Maswali ya kuongozea mazungumzo

1. Someni Wafilipi 4:13 pamoja na mstari wa 14. Mstari wa pili wabadilishaje namna tuufahamuvyo ule wa kwanza?
2. Katika sababu tatu za kukataa msaada, ni ipi iliyo na nguvu kwetu hapa, na kwa nini?
3. Tajeni mambo yaliyo furushi la mtu, na mambo yaliyo mzigo wa usharika. Ni yapi tumeyachanganya?
4. Katika mtaa wetu yuko nani ambaye hutoa daima na hajaonekana akipokea? Ni nani atakayekwenda kwake juma hili?

Wahenga wasema, jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga hayashindani ni lipi lichukualo zaidi. Kila moja huegemewa, na chungu hukaa. Bwana na atujalie kukaa hivyo. Alfajiri mtu akipiga hodi mlangoni pako na jembe mkononi, ndugu yangu, usimwambie arudi. Mfungulie, umwonyeshe magugu yalipo.

Bwana Yesu, wewe uliyepokea maji kisimani na msaada njiani, ondoa kiburi mioyoni mwetu. Utufundishe kutoa bila kujisifu, na kupokea bila kuona haya, ili tuwe na fungu pamoja nawe na pamoja na ndugu zetu. Amina.